Dawa ya wadudu ndani ya ndege: kinachomfikia mhudumu na rubani, na namna ya kukipunguza

ZamuYaAlfajiri #1

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni wa wahudumu wa ndege, marubani, wasafishaji na mafundi wa hanga, yaani karakana ya ndege. Kila tukizungumzia dawa ya wadudu ndani ya ndege, mazungumzo yanaishia kwa abiria aliyekohoa dakika mbili kisha akashuka. Mtu wa kazi ndiye anayebaki nayo. Anashika kopo, anakaa kwenye kiti cha kukunja kilichopuliziwa, analala kwenye kitanda cha mapumziko kilichopuliziwa, na wiki ijayo anarudi ndege ile ile.

Kwanza tutenganishe njia, maana watu wanazichanganya halafu wanalaumu kopo lisilohusika. Shirika la Afya Duniani lina njia nne. Moja ni kupuliza baada ya milango kufungwa na choki (vizuizi vya magurudumu) kutolewa, ndege ikiwa bado chini. Nyingine inagawanywa mara mbili: kabini inapulizwa kabla abiria hawajapanda, kisha kopo la pili linatumika ndege inapokaribia kuanza kushuka. Ya tatu ni kupuliza kabini tupu kabla ya kupakia, na hiyo inahesabika kwa safari moja tu. Ya nne ni dawa ya kukaa: inapulizwa hangani kwenye kuta, zulia, viti, mapazia na makabati, na inatambulika kwa wiki 8.

Kopo la kupuliza watu wakiwemo huwa na d-fenothrini asilimia 2. Dawa ya kukaa ni permethrini asilimia 2. Shelisheli na Madagaska ni miongoni mwa nchi zilizozoeleka kudai kopo. Australia na New Zealand zinakubali dawa ya kukaa. Orodha hubadilika, kwa hiyo ofisi ya operesheni iulizwe kabla ya kila njia mpya.

Msimamo wangu ni huu: kopo linatisha kwa sababu unaliona, lakini ya kuulizia kwanza ni dawa ya kukaa. Unaingia kazini hujui imepulizwa lini, na hakuna anayekutangazia.

---

MkemiaWaMufindi #2

Niongeze upande wa kemikali. Zote mbili ni za ukoo wa pareto, ile ile inayolimwa Mufindi na Nakuru. Sumu ya asili ya maua ya pareto huvunjika upesi ikipigwa na mwanga. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, walitoa permethrini, ambayo inastahimili mwanga. Shambani hiyo ilikuwa faida kubwa. Ndani ya ndege sifa hiyo hiyo inageuka, kwa sababu hakuna jua wala mvua ya kuivunja. Inanata kwenye nyuzi za zulia na kwenye vumbi, na haipandi hewani kwa urahisi. Mfumo wa hewa ukifanya kazi vizuri unaondoa harufu ya viyeyusho (vimiminika vinavyoyeyusha dawa), ila permethrini yenyewe inabaki kwenye kitambaa. Kwa hiyo harufu ikiisha, usiseme dawa imeisha.

Inavyoua: inashikilia wazi vijitundu vya sodiamu kwenye neva, neva inarusha ishara bila kukoma. Mdudu anakufa. Binadamu ana vimeng'enya vya ini vinavyoivunja haraka, na joto la mwili wetu pia linapunguza makali yake. Paka hana uwezo huo wa kuivunja, na samaki wako katika hatari kubwa. Anayepakia paka au samaki hai kwenye shehena iliyopulizwa juzi ajue hilo.

Msisahau kwamba kopo si dawa peke yake. Asilimia 2 ndiyo dawa, iliyobaki karibu yote ni gesi ya kusukuma na viyeyusho. Koo linalowasha ndani ya sekunde kumi, mara nyingi linawashwa na mchanganyiko mzima.

---

Kipanga_77 #3

Naomba tusitie watu hofu. WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, ilikutanisha wataalamu mwaka 1995 na wakasema kupulizia ndege, ikifanywa ipasavyo, hakuleti hatari kwa afya. Kilichokubaliwa ni kwamba baadhi ya watu hupata usumbufu wa muda. Na sababu ya kupuliza ni ya kweli: watu wanaoishi jirani na viwanja vya Ulaya wameugua malaria bila kusafiri, kwa mbu walioshuka na ndege.

---

ZamuYaAlfajiri #4

Nakubali sababu, na neno lenyewe la kushika ni hilo "ipasavyo".

Kalifornia, kwa mwaka mmoja, mfumo wao wa kufuatilia magonjwa ya viuatilifu ulipokea taarifa 17 za wahudumu wa ndege walioumwa baada ya ndege kupulizwa. Zilipochujwa kwa vigezo rasmi, 12 zilithibitika kuwa ugonjwa wa kazini. Kati ya hizo, 11 zilitokana na dawa ya kukaa; ya 12 njia haikujulikana. Utafiti ulichapishwa 2007. Mwaka 2012 ukachapishwa mwingine uliopima mkojo: wahudumu wa ndege zilizowekwa dawa ya kukaa walikuwa na mabaki mengi zaidi kuliko wenzao wa ndege zisizowekwa.

Hilo halimaanishi kila mwenye mabaki kwenye mkojo ni mgonjwa. Linamaanisha dawa inaingia mwilini, na kwamba hesabu ya abiria wa mara moja haimfai mtu anayeingia mara nane kwa mwezi. Kama kumbukumbu tu, Marekani iliacha kupulizia ndege zinazoingia kwake mwaka 1979.

---

FundiHanga #5

Nizungumzie hangani, maana makosa mengi yanazaliwa huko.

Kiwango cha dawa ya kukaa ni gramu 0.2 za permethrini kwa mita ya mraba kwenye kuta, viti na dari. Zulia linapata gramu 0.5 mara ya kwanza, baadaye 0.2 kila linaporudiwa. Ukiwa na mchanganyiko wa asilimia 2, maana yake ni mililita 10 kwa mita ya mraba, na 25 kwa zulia jipya. Mililita 10 ni kidogo sana. Ukuta unapaswa kuonekana umelowa ukungu, usitiririke. Ukiona matone yanateremka kwenye paneli hadi reli ya kiti, mpulizaji ameshapita kiwango mara mbili au tatu.

Yanayoharibika:

Mchanganyiko haukutikiswa. Dawa ni mafuta ndani ya maji; bomba likikaa nusu saa bila kutikiswa, dawa inajitenga. Safu za kwanza zinapata kiwango kimoja, za mwisho kingine. Hapo ndipo mhudumu wa nyuma anaumwa na wa mbele haoni kitu, halafu anaambiwa anajifanya.

Zulia halijakauka. Ndege inahitajika saa kumi na moja alfajiri, kazi imeanza saa tisa. Utaratibu wa Australia na New Zealand unataka mitambo ya hewa iendeshwe angalau saa 1 baada ya kumaliza. Saa hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa ratiba ikibana, kwa sababu inataka APU (injini ndogo ya ndege inayotoa umeme na hewa ikiwa chini) iwashwe au hewa ya kuunganishwa kutoka chini, na vyote vina gharama. Ndege ikifungwa milango ikiwa na zulia bichi kwenye joto la Dar es Salaam, anayeifungua asubuhi anapokea viyeyusho vyote usoni. Na zulia bichi linateleza, kwa sababu mchanganyiko una kitu kama sabuni ndani.

Jikoni kupulizwa. Meza za kuandalia chakula, oveni na mabirika hayapulizwi. Yakipata ukungu yanaoshwa kwa maji na sabuni kabla ya vyakula kupakiwa. Vitanda vya mapumziko: godoro lisiwe na shuka wala mto wakati wa kupuliza, na matandiko safi yarudi baada ya kukauka kabisa.

Kurudia bila sababu. Kiti kikibadilishwa au sehemu ikioshwa kwa nguvu, sehemu hiyo ndiyo inayorudiwa. Kuna wanaoona rahisi kupuliza ndege nzima upya wiki ya 3, basi dawa inarundikana.

---

Mlango_wa_Nyuma #6

@FundiHanga ahsante, mkuu. Na kopo? Naona watu wanamaliza kopo zima kwa kuwa "ndivyo tunavyofanya".

---

FundiHanga #7

Kiwango cha kopo ni gramu 35 za mchanganyiko kwa kila mita za ujazo 100. Ndani yake dawa yenyewe ni gramu 0.7. Chukua kabini ya mita za ujazo 150: unahitaji gramu 52.5. Kopo la gramu 100 likimalizwa lote, mmepuliza karibu mara mbili ya kipimo, na wa kwanza kuvuta ni anayepuliza.

Kopo linalofuata maelekezo ya WHO linatoa takriban gramu 1 kwa sekunde. Kwa hiyo 52.5 ni kama sekunde 52; wakiwa wawili, sekunde 26 kila mmoja. Mwendo ni hatua moja kwa sekunde, kopo limeinuliwa juu ya vichwa, mdomo wake ukielekea dari kwa mshazari. Anayekimbia anabaki na dawa nyingi mkononi anapofika mwisho, kisha anaimwagia yote jikoni, ambako wenzake wamesimama. Ndiyo picha ya kawaida ya kosa hili.

Feni za kuzungusha hewa zizimwe au zipunguzwe wakati wa kupuliza kama utaratibu wa ndege husika unavyosema. Zikiachwa zinavuta ukungu moja kwa moja kwenye vichujio, mbu hafi, na mtu anashawishika kuongeza kopo jingine. Zikisahaulika kurudishwa baadaye, ukungu unakaa na watu. Kwa hiyo mtu mmoja awe na kazi ya kumwambia rubani "tumemaliza", na rubani ajibu kwamba hewa imerudi. Chumba cha marubani kinapulizwa kabla wao hawajaingia. Namba za makopo zinaandikwa kwenye sehemu ya afya ya tamko la ndege, na makopo matupu yanahifadhiwa kumwonyesha ofisa wa afya wa kiwanja. Msiyatupe, ndiyo pia ushahidi wenu wa kiasi kilichotumika.

---

Daktari_wa_Zamu #8

Niwape la kliniki, kwa sababu makosa ya upande wetu yanaumiza.

Dalili za kawaida: macho kuwasha na kutoa machozi, pua kuchuruzika, koo kukauka, kikohozi, kifua kubana, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu. Ngozi ya uso na shingo inaweza kuchoma au kuhisi kama sindano ndogo ndogo, bila vipele. Jasho na maji ya moto yanaizidisha hali hiyo. Mwenye pumu ndiye wa kumwangalia kwanza.

Kosa letu kubwa ni hili. Mtu akifika akisema "nimevuta dawa ya wadudu", mawazo ya mtabibu yanakwenda kwenye sumu za mashambani za kundi la oganofosfeti, na mkono unakwenda kwenye atropini, dawa ya sumu hizo. Atropini si dawa ya sumu za ukoo wa pareto. Hizi hazina kiuasumu; unatibu dalili. Vile vile kolinesterasi, kipimo cha damu cha sumu hizo za mashambani, kitarudi kizuri kabisa, na mtu ataambiwa hakuna kitu. Kipimo hicho hakihusiki na permethrini hata kidogo. Mgonjwa amtajie daktari jina la kemikali. Pigeni picha lebo ya kopo, inatosha.

Huduma ya kwanza: mtoe kwenye hewa safi. Vua sare, iwekwe mfuko wa peke yake na ifuliwe peke yake. Ngozi ioshwe kwa maji ya baridi na sabuni. Macho yasuuzwe kwa maji safi dakika 15, lensi zikiwa zimetolewa. Kifua kikilia, salbutamoli (dawa ya kufungua kifua) kama pumu nyingine.

Halafu kuna harufu. Harufu kama ya soksi chafu ndege ikiwa hewani inaelekeza kwenye mafuta ya injini yaliyoingia kwenye hewa ya kabini. Hilo ni tatizo jingine na linaripotiwa kwa njia yake. Msiliandike chini ya "dawa ya wadudu", mafundi watatafuta mahali pasipo.

---

Mlango_wa_Nyuma #9

Daktari, kipimo cha mkojo kinaweza kumsaidia mhudumu wa huku kwetu?

---

Daktari_wa_Zamu #10

Kinaweza, kwa masharti. Mabaki hutoka mwilini upesi, kwa hiyo sampuli ichukuliwe ndani ya saa 24 hadi 48. Ya wiki ijayo haina maana.

Tatizo la kwetu ni chandarua. Vyandarua vyenye dawa vinatumia permethrini au ndugu zake, na kuna kopo la mbu la nyumbani, na bustani. Asidi inayopimwa zaidi, ambayo maabara huiita 3-PBA, inatoka kwa nyingi kati ya dawa hizo. Kwa hiyo sampuli moja baada ya safari haithibitishi lolote. Chukueni mbili: moja kabla ya zamu, moja baada, na mwandike mlilala chini ya chandarua gani na kama nyumbani mlipuliza. Tofauti kati ya sampuli hizo mbili ndiyo yenye uzito. Na tafadhali, mtu asiache chandarua kwa sababu ya uzi huu. Malaria inaua.

---

Kipanga_77 #11

Hapo sawa, nimeelewa tofauti ya abiria na mtu wa kazi. Barakoa je? Wengi wanavaa zile za bluu.

---

MkemiaWaMufindi #12

Ya bluu haishiki ukungu huo, inavuja pembeni na inalowa. Barakoa ya daraja la FFP2 au N95 iliyokaa vizuri inazuia matone, lakini haizuii mvuke wa viyeyusho. Kwa huo unahitaji kichujio chenye mkaa, ambacho ni cha mpulizaji wa hangani. Anayepuliza hangani avae suti, glavu za nitrili, miwani iliyofunga na kichujio cha mkaa pamoja na cha chembe. Anayesafisha zulia lililowekwa dawa pia asisahauliwe: mashine ya kufyonza vumbi isiyo na kichujio cha HEPA, kile cha kunasa chembe ndogo sana, inalirudisha vumbi lenye dawa hewani, kwenye kimo cha pua yake.

Kwa mhudumu mwenye kopo: glavu, mikono mirefu, na anawe kabla ya kugusa chakula. Mjamzito na mwenye pumu wasipewe kopo. Hilo ni la kupanga kwenye ratiba, kabla hawajafika mlangoni.

---

AfyaBandarini #13

Nimesoma yote, naongeza la upande wetu wa maofisa wa afya.

Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, zilizoanza kutumika Juni 2007, zinataka nchi idhibiti wadudu waenezao magonjwa hadi angalau mita 400 kutoka maeneo ya kiwanja yanayotumika kwa wasafiri, ndege na mizigo. Mita 400 hizo zikifanyiwa kazi, shinikizo la kuongeza kopo linapungua. Kagua mifereji iliyoziba, matairi ya zamani nyuma ya karakana, makontena yaliyofunikwa turubai lenye maji, matangi yasiyo na mfuniko. Kila wiki, maana yai la mbu linafika kuwa mbu ndani ya siku chache kwenye joto letu.

Jambo la pili ni usugu. Mbu wa malaria wenye jeni ya kustahimili dawa za ukoo wa pareto wamethibitika Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka 20. Mbu aliyebaki hai baada ya kipimo sahihi huenda ni sugu. Kumwongezea kopo kunamwongezea mhudumu sumu, mbu yule yule akiruka. Mkamate, mhifadhi kwenye kichupa kikavu, mpeleke kwa wataalamu wa wadudu.

Jambo la tatu, kuna njia isiyo na kemikali: pazia la hewa mlangoni, yaani feni zinazosukuma hewa kwa nguvu kwenye njia ya kupandia ili mbu asipite. Marekani wameijaribu kwa mbu na nzi, na watafiti wale wa Kalifornia waliipendekeza. Kwa sasa hata kufunga mlango wa nyuma usiotumika wakati wa jioni, na kupunguza taa kali karibu na mlango uliofunguliwa, kunapunguza wanaoingia.

---

FundiHanga #14

Kuhusu panya na mende, kwa kuwa mtu ataniuliza: hizo si kazi za kopo hili. Mende wa jikoni wanawekewa chambo cha jeli nyuma ya paneli, hakuna kupuliza. Panya akionekana, ndege inasimama kwa sababu ya nyaya. Fosfini, gesi ya kuulia wadudu na panya, isitumike, inakula shaba na itaharibu vifaa vya umeme. Hutumika mitego au kabonidayoksaidi, ndege ikiwa tupu na imefungwa, na hakuna anayeingia mpaka hewa ipimwe.

---

Mlango_wa_Nyuma #15

Swali la mwisho. Mwajiri akisema "hakuna rekodi", tunaanzia wapi?

---

ZamuYaAlfajiri #16

Rekodi ipo. Ndege iliyowekwa dawa ya kukaa haiwezi kukubaliwa na nchi husika bila cheti chenye tarehe, na kinabebwa au kinatumwa. Ombeni kwa maandishi vitu vitatu: nakala ya cheti hicho, jina la bidhaa pamoja na karatasi yake ya usalama, na saa ambayo mitambo ya hewa iliendeshwa baada ya kupuliza. Karatasi ya usalama ina sehemu 16. Someni ya 3 kwa viambato, ya 4 kwa huduma ya kwanza, ya 8 kwa kinga. Bidhaa yenyewe iwe imesajiliwa: Tanzania kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, Kenya kwa bodi ya viuatilifu.

Sheria za usalama kazini, Tanzania ya 2003 na Kenya ya 2007, zinamwajibisha mwajiri kwa mazingira ya kazi. Fidia inapitia sheria ya 2008 kwa Tanzania na ya 2007 kwa Kenya. Kote huko madai yanasimama kwa maandishi ya siku ile ile. Andikeni hivi, kwa mistari mifupi: namba ya usajili ya ndege, tarehe na saa ya kuingia, njia ya upulizaji kama inajulikana, tarehe iliyo kwenye cheti, zulia lilikuwa bichi au kavu, kiti ulichokaa, dalili na dakika zilipoanza, nani mwingine alizipata na alikuwa safu gani. Namba ya ndege ni muhimu kuliko ya safari, kwa sababu dawa inabaki na ndege. Watu watatu wakiumwa kwenye safari tatu tofauti lakini ndege moja, ni namba hiyo tu itakayowakutanisha.

Nimeandaa fomu ya ukurasa mmoja yenye nafasi hizo. Anayeihitaji aniandikie pembeni, nitamtumia.